Mandari ya Mume na Mke

Jumamosi moja ya mwezi uliopita nilipita barazani kwetu baada ya sala ya Alasiri, kama ilivyo desturi yangu tangu nilipoota ndevu. Kahawa ilikuwa imekwisha kumiminwa na sinia ya halua ilikuwa katikati. Kabla sijakaa, rafiki yangu mmoja ambaye tulisoma naye chuoni tukiwa wadogo akasema kwa sauti ya kusikiwa na mtaa mzima: "Mpisheni mzungu akae." Watu wakacheka. Nami nikacheka, kwani mtu anayetaniwa barazani akikasirika huwa ameshindwa mara mbili. Nilipouliza uzungu wangu umetoka wapi, nikaambiwa nimeonekana pwani ya Bamburi asubuhi ya Jumapili, nimekaa mchangani na mke wangu, watu wawili tu, tukila mahamri. Tena nimeonekana Voi nikielekea bara pamoja naye, na ilipoulizwa nani kafa au nani aoa, haikupatikana sababu. Mzee mmoja akatikisa kichwa, akasema maneno mawili tu: "Umri huu!"

Maneno hayo nilikwenda nayo nyumbani, nikalala nayo, nikaamka nayo. Leo naomba nafasi katika ukurasa huu niyajibu, si kwa hasira, bali kwa sababu naona yanagusa jambo ambalo sisi watu wa pwani hatupendi kulitia mdomoni. Mume na mke wakishapata watoto, hukaa nyumba moja miaka thelathini bila ya kupata siku moja ya kuwa watu wawili.

Kwanza nikiri makosa yangu, ili msomaji asidhani namhubiria mtu. Kwa miaka ishirini na minane ya ndoa yangu niliishi kama wanavyoishi wengi wetu wa Mji wa Kale. Jumamosi asubuhi sokoni, nikirudi na kikapu cha samaki na mboga, mchana usingizi, Alasiri baraza, baina ya Magharibi na Isha msikitini, baada ya Isha baraza tena, au mpira kwenye televisheni. Jumapili vivyo hivyo, isipokuwa pawe na harusi au maziko. Mke wangu naye alikuwa na ratiba yake ya jikoni, ya watoto, ya wagonjwa wa kuwatazama na ya wafiwa wa kuwapa pole. Sitamtaja jina, mwenyewe amenikataza, na nimemwahidi. Tulikuwa tukikutana kwenye sinia. Hatukugombana. Nilikuwa nikijisifu kwamba sisi ni watu tusiogombana, wala haikunipitia akilini kwamba watu wasiozungumza hawana la kugombania.

Kilichobadili mambo ni kifo. Miaka mitatu iliyopita alifariki shemeji yangu, dada mkubwa wa mke wangu, mwanamke aliyelea watoto saba na wajukuu wasiohesabika. Usiku wa hitima, wageni walipokwisha kutawanyika na masufuria yamekwisha kuoshwa, mke wangu alinikuta uani nimekaa peke yangu. Akaniuliza swali ambalo sikulitarajia. Aliniambia kwamba katika darsa za wanawake wamefundishwa maana ya dua ya sala ya maiti, ile tunayomwombea marehemu aoshwe madhambi yake kwa maji na theluji na barafu. "Hiyo theluji," akasema, "wewe ushaiona?"

Nikamwambia sijaiona.

"Na watu wangapi ushawasalia?"

Sikuweza kuhesabu. Akanyamaza kidogo, halafu akasema: "Dada yangu amekufa hajavuka Mariakani." Akainuka akaenda kulala.

Ndugu msomaji, mimi nimesomesha skuli miaka mingi na nimesikia mawaidha mengi, lakini sikumbuki maneno yaliyonikaa kifuani kama hayo. Tangu utoto wangu nimesimama safuni nikimwombea maiti aoshwe kwa theluji, na theluji yenyewe haiko Urusi wala Uswisi peke yake. Iko Kilimanjaro, mlima unaoonekana kwa macho kutoka Taveta, kilomita zipatazo 260 tu kutoka Mombasa. Wageni hupanda ndege kutoka Ulaya kuja kuitazama. Mimi nimezaliwa upande huu wa dunia, nami sikuwahi kuinua mguu.

Hata hivyo hatukuanza na mlima. Tulianza na bahari, kwa kuwa ilikuwa karibu, na kwa kuwa niliona haya kuanza na jambo kubwa. Nilimwambia Jumamosi usiku: kesho baada ya Alfajiri twende pwani. Akauliza nani wengine wanakwenda. Nikamwambia hakuna. Akanitazama kama mtu anayetafuta dalili ya homa. Kisha akaanza: tumchukue mjukuu fulani, na yule mwenzake atalia, na jirani yetu amekaa ndani tangu afiwe, na yule mtoto wa dada. Gari langu lilijaa kabla halijawashwa. Wanawake wetu nao wana lao katika jambo hili. Wamezoea msafara kiasi kwamba kwenda wawili huwaonea kuwa ni unyimivu. Nilishikilia neno langu, si kwa ushujaa, bali kwa sababu gari halina nafasi.

Basi tukaenda wawili. Na sasa nitasema jambo la aibu. Saa nzima ya kwanza hatukuwa na la kuzungumza. Tulikaa chini ya mvinje, chupa ya chai katikati yetu, mahamri kwenye bakuli, mbaazi kwenye kibia, bahari mbele, na mimi nikitafuta maneno kama mchumba aliyeletwa jana. Watoto wote wameshaoa na kuolewa. Karo hakuna tena. Mambo yaliyokuwa yakitupa maneno miaka yote hiyo yamekwisha. Mwisho nikasema bili ya maji imekuja. Akanitazama, akaitazama bahari, akasema: "Hapa pia watulipisha maji?"

Tukacheka mpaka watu wakageuka. Baada ya hapo mambo yakafunguka.

Asubuhi hiyo nilijua mambo mawili ambayo sikuyajua kwa miaka ishirini na minane. La kwanza, kwamba alitaka kuwa mkunga, na barua ya kuitwa chuo cha wauguzi ilifika nyumbani kwao wiki ile ile iliyofika posa yangu. La pili, kwamba mke wangu ajua kuogelea. Maji yalikuwa yamejaa, maji ya bamvua, ambayo kwetu hupanda zaidi ya mita tatu na kufika hadi mizizi ya mvinje. Alisimama na dera lake na mtandio ameufunga vizuri, akaingia hadi magotini, hadi kiunoni, nami nikataka kumwita arudi. Kisha akajilaza juu ya maji, akaenda. Alikwenda kama ngalawa. Aliporudi, anatweta na kucheka, akanieleza kwamba alifundishwa na kaka zake kule Tudor, kabla hajawekwa ndani. Alipovunja ungo akawekwa ndani, na bahari ikawa kitu cha kusikiliza usiku kupitia dirishani. Tangu siku hiyo mpaka Jumapili ile, miaka zaidi ya thelathini, hakuwahi kuogelea.

Sikumlaumu baba yake, na hata sasa simlaumu. Alifanya kama walivyofanya baba wengine wa wakati wake. Lakini nilijilaumu mimi. Yeye alimweka ndani miaka sita. Mimi nilimweka miaka ishirini na minane, tena bila ya kumfungia mlango.

Hapa ndipo ninapotaka kuwajibu wenzangu wa barazani. Wanasema kwenda mandari na mke ni uzungu. Hebu tulitazame neno lenyewe. "Mandari" si neno la Kiingereza. Ni neno letu, lilikuwa vinywani mwa bibi zetu kabla ya hoteli ya kwanza kusimama Nyali, na maana yake ni watu kutoka majumbani mwao na chakula chao, kwenda mahali pa kupumzika, pwani au shambani. Mwisho wa mwezi wa Shaaban watu wetu huvunja jungu, na kuvunja jungu kwenyewe mara nyingi ni mandari: watu hutoka na vyakula vyao kabla ya kuingia saumu. Siku ya mwaka, yaani Nairuzi, wazee walikwenda kukoga baharini. Na nani asiyekumbuka Jumapili za jioni pale Lighthouse, ambapo mji mzima ulikuwa ukitoka kupunga upepo, watu wakila mihogo iliyotiwa pilipili na ndimu, na madafu yakifumuliwa? Pale napo, ukitazama vizuri, utaona kwamba wanaume hutelemka garini wakaenda kusimama na wanaume, na wanawake wakabaki ndani ya gari na watoto. Tulitoka pamoja ili tukae mbalimbali.

Nitaambiwa kwamba wanawake wa kiungwana wa Lamu zamani hawakutoka ila chini ya shiraa, ile hema ya nguo iliyowafunika kutoka kichwani hadi miguuni wapitapo njiani. Ni kweli. Lakini walitoka! Shiraa ilikuwa ni ya kutokea, si ya kukalia. Wazee wale walipoona kuna haja ya sitara walitafuta njia ya kuipata sitara na matembezi pamoja. Sisi wa leo tuna magari yenye vioo, tuna buibui, tuna madera, na tumeshindwa.

Wengine huleta dini. Kwa hawa nasema kwa adabu, kwani mimi si mwanachuoni: someni. Imepokewa na Abu Daud, na wanavyuoni wetu huisimulia katika mawaidha ya ndoa, kwamba Mtume (S.A.W.) alishindana mbio na Bibi Aisha wakiwa safarini, Bibi Aisha akamshinda. Baada ya muda, Bibi Aisha alipokuwa ameongezeka mwili, wakashindana tena, safari hii Mtume akashinda, akamwambia kwa mzaha kwamba sasa wako sawa. Kila nikiyasikia mawaidha haya, najiuliza ni nani katika sisi, wenye kujiona na heshima sana, amewahi kukimbizana na mkewe hata kutoka sebuleni hadi jikoni. Sisi hata kutembea pamoja hatuwezi. Tazama mtu na mkewe wakipita Barabara ya Ndia Kuu: mume yuko mbele hatua kumi, mikono nyuma, kana kwamba amekutana na yule mama njiani kwa bahati mbaya.

La uchi wa pwani silikatai. Ni kweli kwamba ukienda Jomo Kenyatta Public Beach mchana wa Jumapili, hasa wakati wa sikukuu, utaona mambo ambayo hutaki mkeo ayaone wala yeye hataki wewe uyaone. Lakini bahari haifunguliwi saa nne kama duka. Baada ya Alfajiri, jua linapochomoza upande wa mwamba, pwani ni ya wavuvi, kaa na watu wachache wanaotembea. Tumekwenda mara nyingi sasa, na saa tatu tunakuwa tumerudi nyumbani.

Kinachoniudhi zaidi ni jambo jingine. Siku moja tulikwenda upande wa kusini, tukavuka Likoni, tukatafuta ile njia tuliyokuwa tukipita zamani kushukia pwani. Njia ilikuwa na ukuta, na ukuta ulikuwa na lango, na lango lilikuwa na askari wa hoteli. Akatuuliza twaenda wapi. Nikamwambia pwani. Akasema hapa ni pa wageni. Mke wangu, ambaye kwa kawaida huniachia mimi mazungumzo ya namna hiyo, akamwambia: "Basi wageni wako ndani, na wenyeji ndio sisi hapa. Fungua." Yule kijana akaona haya, akacheka, lakini hakufungua, ana mkubwa wake naye. Ilitubidi tuzunguke mwendo mrefu. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 62, imesema wazi kwamba ardhi iliyo baina ya mahali maji yanapojaa na mahali yanapokupwa ni ardhi ya umma. Mchanga ule basi ni wetu kwa sheria. Tatizo ni kuufikia. Na nadhani njia nyingi zimefungwa kwa urahisi kwa sababu sisi wenyewe tuliacha kuzipita. Njia isiyopitwa huota majani, na yenye majani haina mtu wa kuitetea ikijengewa ukuta. Lau kila Jumapili wangekuwa wakishuka pale mume na mke hamsini wa Likoni na vikapu vyao, sijui kama fundi wa ukuta ule angepata pa kuweka jiwe la kwanza.

Sasa nirudi kwenye mlima. Tulikwenda mwezi wa Januari, kaskazi imetulia, baada ya sala ya Ijumaa. Njia ya Nairobi hadi Voi kila mtu aijua. Voi tukakata kushoto, tukapita Mwatate, tukapita Maktau, tukakatiza mbuga ya Tsavo Magharibi. Njia siku hizi ni lami tupu hadi Taveta, kando yake reli ya zamani iliyojengwa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Mke wangu aliona ndovu watatu wekundu kwa udongo, akawapungia mkono. Niliona haya, halafu nikakumbuka hapana mtu wa kutuona.

Jioni mlima haukuwapo. Palikuwa na ukuta wa mawingu tu, na watu wa Taveta wakatuonyesha kwa kidole: uko pale. Nilihuzunika, nilihisi nimemleta mtu kilomita 260 kumwonyesha wingu. Tulilala katika nyumba ndogo ya wageni, safi, ya bei ya kawaida. Kulikuwa na baridi ya kutaka blanketi, jambo ambalo kwetu Mombasa ni hadithi.

Baada ya Alfajiri nilitoka msikitini nikiwa na mzee mmoja wa hapo. Kulikuwa kunaanza kupambazuka. Akanigusa bega, akasema, "Geuka." Nikageuka, nikakimbia kumwita mke wangu.

Sitajaribu kuusifu mlima huo. Wenye maneno wameshausifu, na maneno yao hayafiki. Nitasema tu kwamba shingo yako huinama nyuma kutafuta kilele mahali ambapo ulidhani ni mbingu. Kilele cha Kibo kina urefu wa mita 5,895, nacho ni sehemu ya Tanzania, lakini jicho halina mpaka. Jua lilikipiga upande mmoja, kikawa chekundu kama shaba, kisha dhahabu, kisha kikawa cheupe. Mke wangu alisimama ua wa nyumba ya wageni, leso juu ya mabega kwa baridi, hakusema neno kwa muda mrefu. Kisha akasema: "Basi ndiyo ile."

Niliona midomo yake ikitikisika, nikajua anamwombea nani. Nami nikaitikia Amin. Alipomaliza akauliza: "Mbona kidogo?"

Swali hilo lilinishitua kwa sababu na mimi nilikuwa nimeliona, nikajificha nisiliseme. Katika picha za vitabu vyetu vya skuli, mlima ule ulikuwa umevikwa kofia nzima. Tulichokiona ni vipande, kama kofia iliyoliwa na nondo. Yule mzee wa msikitini alituambia kwamba katika ujana wake weupe ulishuka chini zaidi, hata mtu akiamka usiku wa mbalamwezi akidhani kuna taa. Mvua ya usiku ikinyesha juu kule huanguka theluji, na huenda asubuhi kilele kizima kikawa cheupe. Lakini hiyo huyeyuka baada ya siku chache. Barafu ya kudumu, ile ya kale, ndiyo inayokwisha. Wataalamu walioipima wanasema kwamba zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwako mwaka 1912 ilikuwa imetoweka kufikia miaka ya mwanzo ya karne hii. Mwaka 2022 UNESCO ilitangaza kwamba barafu ya Kilimanjaro, na ile ya Mlima Kenya pamoja nayo, itakuwa imekwisha kufikia mwaka 2050. Sababu kubwa ni joto la dunia linaloongezeka. Mjukuu wangu wa mwisho atakuwa hajatimiza miaka thelathini.

Kuna kisa kimoja cha zamani ambacho lazima nikitie hapa, kwani kinatuhusu. Tarehe 11 Mei 1848, mmisionari Mjerumani Johannes Rebmann, aliyekuwa akikaa Rabai, alikuwa njiani kwenda Uchagani. Akaona weupe juu ya mlima. Mwongozaji wake wa safari, kama alivyoandika mwenyewe, aliuita weupe ule kwa neno moja tu: baridi. Habari zilipofika Ulaya, mabingwa wa jiografia kama Desborough Cooley wa London, ambaye hakuwahi kufika huku, walikataa wakasema haiwezekani kuwa na theluji chini ya jua la ikweta. Waliendelea kubisha kwa miaka. Na yule mwongozaji wa misafara alikwishajua, kwa neno moja, bila ya kubishana na mtu. Watu wa misafara ya Mombasa walikuwa wakiufikia mlima huu kwa miguu, siku nyingi njiani, na mizigo kichwani. Sisi wenye lami na gari twauona ni wa mbali, kisha twasema kwenda kuutazama ni uzungu.

Kuhusu gharama, nitasema kifupi. Petroli, malazi ya siku mbili na vyakula tulivyobeba kutoka nyumbani havikufikia bei ya mbuzi wawili. Asiye na gari kuna basi hadi Voi na matatu kutoka hapo. Mimi sisemi kila mtu anaweza. Najua nyumba ambazo mbuzi nusu haupatikani, na hao bahari inawatosha, nayo haina kiingilio, ila kwa walinzi wa malango. Wale ninaowasema ni wale wanaokopa kwa ajili ya harusi ya siku nne, mabiriani sufuria kumi na mbili, kisha bwana na bibi harusi wakamaliza fungate yao na wasipate tena hata nusu siku ya kuwa peke yao mpaka mmoja amzike mwenziwe. Wazee walioweka fungate walikuwa na akili. Siku saba watu wawili wale, walale, wazungumze, wasitumwe. Sijui nani aliyetuambia kwamba siku saba hizo zinatosha maisha.

Wala sisemi baraza ivunjwe. Mimi mwenyewe ningali naipenda baraza, na kahawa ya pale haina mfano wake. Nimepunguza tu. Jumamosi mbili kwa mwezi ni za baraza, mbili za mandari. Kwenye mandari tumegombana mara tatu sasa, ugomvi wa kweli, mmoja wao juu ya ile barua ya chuo cha wauguzi, ambayo nilidhani nimekwisha samehewa. Tumerudi kimya kutoka Diani mpaka kwenye feri. Ndani ya feri alininunulia njugu.

Wiki iliyopita nilipita tena barazani. Nikataniwa kidogo, si sana, maana walikuwa wamepata mtu mwingine wa kumtania. Nilipoinuka kwenda zangu, yule rafiki yangu aliyeniita mzungu alinifuata hadi pembeni ya msikiti. Akatazama huku na huku. Akaniuliza kwa sauti ya chini ile nyumba ya wageni ya Taveta, je, choo ni cha ndani au cha nje? Kwani mwenziwe ana maradhi ya magoti.

Nikamwambia ni cha ndani.